Kifungo cha Maisha: Bunge Limekimbia Wajibu Wake

Hakuna mahali katika sheria za Kenya panapoeleza kifungo cha maisha ni nini. Kanuni ya Adhabu inakitaja. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inakiamuru. Sheria ya Magereza inawanyima wanaokitumikia nafuu ambayo wafungwa wengine wanaipata. Lakini zifungue zote tatu, uzisome kifungu kwa kifungu, na hutaona panapomwambia jaji, mfungwa, askari jela au mama wa mtoto aliyenajisiwa iwapo adhabu hiyo ina kikomo au kikomo chake ni kaburi. Mahakama zinaendelea kutoa adhabu ambayo dola yenyewe haijaamua ni ipi.

Lawama ya jambo hili ina wenyewe, nao ni Bunge na Ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Walielekezwa cha kufanya na mahakama ya juu kabisa nchini, wakaelekezwa kwa maandishi, tarehe 14 Desemba 2017.

Siku hiyo, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ilibatilisha ulazima wa hukumu ya kifo uliokuwa katika kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu, uliomfunga jaji mikono kila mshtakiwa alipopatikana na hatia ya mauaji. Nchi nzima ilizungumzia kitanzi. Wachache walisoma mbele zaidi, pale ambapo majaji walipendekeza Mwanasheria Mkuu na Bunge waanze uchunguzi na watunge sheria ya kufafanua kifungo cha maisha. Na hawakuishia kupendekeza tu. Walionyesha hata njia: sheria hiyo ingeweza kuweka idadi ya chini ya miaka ambayo mfungwa atatumikia kabla ya ombi lake la kuachiliwa kusikizwa, na ingeweza pia kuruhusu wahalifu fulani, katika mazingira maalum, wabaki ndani hadi mwisho wa uhai wao. Kilichobaki kilikuwa kuandika mswada, kuujadili na kuupigia kura. Mwaka uliofuata kikosi kazi kiliundwa kuangalia upya suala la hukumu ya lazima ya kifo. Hata hivyo, Mahakama ya Juu ilipoletewa tena suala la kifungo cha maisha na kulitolea uamuzi Aprili 2025, zaidi ya miaka saba ilikuwa imepita na tafsiri haikuwepo.

Katika ombwe hilo majaji walilazimika kujitafutia njia. Julai 2023 Mahakama ya Rufaa, katika kesi iliyotoka Malindi, iliamua kwamba kifungo cha maisha kisicho na kikomo kinakiuka Katiba, kinamvua mfungwa utu wake na kumnyima usawa mbele ya sheria. Majaji wakaweka miaka 40 badala yake. Desemba mwaka huo huo, mahakama hiyo hiyo ikiketi Kisumu ilisema kifungo cha maisha kihesabiwe kuwa miaka 30. Makosa yalikuwa ya aina moja, kunajisi mtoto, na sheria iliyotumika ni ile ile moja. Tofauti ya miaka 10 ilitokana na ufuo wa bahari na ufuo wa ziwa.

Habari zilienea magerezani upesi, maana huko ndani hukumu za mahakama husomwa zaidi kuliko zinavyosomwa Bungeni. Wafungwa waliokuwa wameacha kuhesabu walianza kuhesabu tena. Wengine waliandika maombi kwa mkono wao wenyewe. Kisha, tarehe 11 Aprili 2025, Mahakama ya Juu ikafuta maamuzi yote mawili. Katika kesi ya Malindi ilisema swali la uhalali wa adhabu hiyo kikatiba halikuwa limeibuliwa katika mahakama za chini, hivyo Mahakama ya Rufaa haikuwa na mamlaka ya kuliamua. Katika ile ya Kisumu ilisema kupanga idadi ya miaka ya kifungo cha maisha ni kazi ya watunga sheria.

Kisheria, hatuoni kosa la Mahakama ya Juu. Majaji hawachaguliwi na wananchi kutunga adhabu. Tungetaka hilo liheshimiwe hata pale ambapo matokeo yake yanauma, na hapa yameuma. Mtu aliyeambiwa na mahakama kwamba atatoka baada ya miaka 30 ameambiwa na mahakama nyingine kwamba hesabu hiyo haipo tena. Hakuna aliyemweleza ni lini itakuwepo. Mahakama imemwelekeza kwa Bunge, na Bunge lilikuwa limekwisha kuelekezwa miaka saba kabla yake.

Wabunge wengi wanadhani kwamba suala hili linawahusu wauaji na wabakaji peke yao, na kwamba kulishika ni kujitafutia balaa kwa wapigakura. Kwa hivyo waangalie kwanza wafungwa wengi wa maisha wametoka wapi. Hawakuhukumiwa kifungo hicho na jaji yeyote. Walihukumiwa kunyongwa, kisha Rais akabadilisha. Agosti 2009 Rais Mwai Kibaki alibadilisha hukumu za kifo za watu zaidi ya 4,000 kwa mpigo kuwa vifungo vya maisha. Oktoba 2016 Rais Uhuru Kenyatta akafanya hivyo kwa wengine 2,747. Julai 2023 Rais William Ruto naye akabadilisha hukumu zote za kifo zilizokuwa zimetolewa kabla ya 21 Novemba 2022. Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, na tunaunga mkono kila kalamu iliyozuia kitanzi kurudi. Ila kila mara kalamu hiyo ilipotumika, maelfu ya watu waliondolewa kwenye adhabu inayojulikana wakaingizwa kwenye adhabu isiyojulikana, na hakuna aliyeketi kuangalia kesi ya kila mmoja.

Sehemu kubwa ya watu waliopitia njia hiyo walishtakiwa kwa wizi wa kimabavu. Msomaji anapaswa kujua kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu kinasemaje, kwa sababu kinaweza kumfikia kijana yeyote wa mtaani kwake. Ili kosa la wizi lifike kiwango cha kifo, si lazima mtu afe. Si lazima hata mtu atokwe na damu. Inatosha mshtakiwa awe na silaha ya hatari, au awe na mwenzake mmoja, au ampige mtu au kumfanyia ukatili mwingine wa mwili. Lolote kati ya hayo matatu linatosha. Vijana wawili wakimzunguka mtu kwenye kituo cha matatu saa tatu usiku, mmoja akamshika na mwingine akampokonya simu, sheria inawaona sawa na genge lililovamia benki kwa bunduki. Adhabu ni moja: kifo, ambacho kwa kalamu ya Rais hugeuka kuwa maisha.

Sasa linganisha. Aliyeua mtu, baada ya uamuzi wa Muruatetu, alipewa nafasi ya kurudi mahakamani na kuomba adhabu yake iangaliwe upya, na wengi walipangiwa miaka. Aliyepora simu pamoja na mwenzake alifungiwa nafasi hiyo, kwa sababu tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ilifafanua kwamba uamuzi wake wa 2017 unahusu mauaji pekee, wala haugusi wizi wa kimabavu wala makosa ya kingono. Kwa mujibu wa mpangilio huu, aliyetoa roho ya mtu anaweza kuwa nyumbani wakati aliyechukua simu bado yuko gereza la Naivasha. Hatujui mbunge atakayesimama mbele ya wananchi akautetea mpangilio huo. Lakini ndio ulioko, na wao ndio wenye uwezo wa kuubadilisha.

Liko jingine ambalo hesabu ya darasa la tano inalifichua. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Magereza kinampa mfungwa anayefanya kazi kwa bidii na kuwa na tabia njema punguzo la theluthi moja ya kifungo chake. Aliyefungwa miaka 30 hutoka baada ya 20. Aliyefungwa miaka 60, adhabu ambayo ni maisha kwa jina jingine, anaweza kutoka baada ya 40. Kifungu hicho hicho kinasema wazi kwamba punguzo hilo halimhusu mfungwa wa maisha. Kwa hiyo jaji anayetaka kumwadhibu mtu kwa ukali akampa miaka 60 amempa pia mlango, na jaji mwenzake anayempa kifungo cha maisha kwa kosa hafifu kuliko hilo amemfungia kabisa. Bidii ya mfungwa wa maisha haihesabiwi. Akishona viatu kwa miaka 25, akafundisha wenzake kusoma, akawa ndiye anayeitwa na maafande kutuliza ghasia bwenini, mbele ya sheria yuko pale pale alipo yule anayechonga visu kutokana na miswaki.

Tafakari maisha ya mtu wa namna hiyo. Ameingia gereza la Shimo la Tewa au la Kamiti akiwa na miaka 24. Asubuhi mlango unafunguliwa, wanatoka na kuchuchumaa kwa mistari wahesabiwe, wanakunywa uji, wanakwenda karakana au wanabaki uani, wanakula ugali na maharagwe, wanahesabiwa tena, na kabla jua halijatua wamefungiwa. Miaka 10 ya kwanza wazazi wanakuja kumwona. Kisha anakuja mama peke yake. Kisha haji mtu. Mke ameolewa kwingine, shamba limegawanywa na ndugu, watoto wana watoto wasiojua kwamba babu yao yuko hai. Akifika miaka 60 magoti hayamruhusu kuchuchumaa wakati wa kuhesabiwa, na mwenzake wa seli ndiye anayemwogesha. Magereza yetu, yaliyofurika kupita kiasi, hayakujengwa kuwa makao ya wazee. Serikali inamlisha, inamtibu na kumwekea ulinzi mtu asiyeweza kumkimbiza kuku, huku mahabusu vijana wakilala wamebanana kwa kukosa nafasi.

Tunajua, msomaji atauliza: na mtoto je? Ni swali la haki, na gazeti hili halitalikwepa. Kesi zote mbili zilizofika Mahakama ya Juu Aprili 2025 zilihusu watoto walionajisiwa. Kifungu cha 8(2) cha Sheria ya Makosa ya Kingono kinaamuru kifungo cha maisha kwa anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini ya hapo. Sheria hiyo ilipiganiwa Bungeni na wanawake waliochoka kuona wanyama wakipewa miaka mitatu na kurudi kijijini kuishi jirani na waliowaharibu. Hatutaki turudi huko. Julai 2024 Mahakama ya Juu ilipothibitisha kwamba viwango vya chini vya adhabu katika sheria hiyo vitafuatwa, hatukuwa na la kupinga. Mtu aliyemwingilia mtoto wa chekechea anastahili kukaa gerezani muda mrefu sana, na wengine wao, baada ya kuchunguzwa na wataalamu, wasitoke.

Lakini wanaotumia machozi ya watoto hao kuzuia mjadala huu wanatuhadaa. Nenda mahakama yoyote ya hakimu inayosikiliza kesi za unajisi uone zinavyokufa. Fomu ya P3 imejazwa nusu. Daktari aliyeijaza amehamishwa na hawezi kupatikana. Nguo za mtoto zilifuliwa kabla ya kupelekwa polisi. Mpelelezi hakuja mara tatu. Shangazi aliyeshuhudia amebadilisha maneno kwa sababu mshtakiwa ndiye anayelipa karo ya nyumba nzima. Na katika maeneo mengine kesi haifiki hata kituoni: wazee wameketi, ngamia au pesa zimetolewa, jambo limeitwa maslaha, na mtoto amerudishwa kulala chini ya paa moja na aliyemharibu. Hofu kwamba baba au mjomba ataondoka asirudi tena milele ni mojawapo ya sababu zinazozifanya familia kunyamaza. Mnajisi haogopi urefu wa kifungo asichotarajia kukipata. Angeogopa kama angejua atakamatwa kesho, atashtakiwa wiki ijayo na shahidi hatahongwa. Bunge linaloshindwa kudai bajeti ya maabara ya serikali na ya kuwalinda mashahidi halina haki ya kujificha nyuma ya neno maisha na kudai limewatetea watoto.

Mwathiriwa mwenyewe leo hana nafasi yoyote ya maana baada ya hukumu kutolewa. Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014 inatambua haki yake ya kusikizwa. Kifungu cha 133 cha Katiba kinasema kamati inayomshauri Rais kuhusu msamaha inaweza kuzingatia maoni ya waathiriwa. Inaweza, hailazimiki. Kwa kuwa msamaha ndio mlango pekee uliobaki kwa mfungwa wa maisha, binti aliyenajisiwa akiwa na miaka 8 anaweza kufikisha miaka 30 na siku moja akasikia redioni kwamba aliyemtenda ametoka, bila mtu kumpigia simu. Mfumo tunaoudai sisi ungemwita kwanza.

Msamaha wa Rais hauwezi kuwa badala ya sheria, na Waswahili wa pande zote mbili za mpaka wanaujua mfano wake. Tarehe 9 Desemba 2017, katika sherehe za Uhuru wa Tanganyika mjini Dodoma, Rais John Magufuli alitamka kumwachilia huru Nguza Viking, maarufu kama Babu Seya, na mwanawe Papii Kocha, wanamuziki waliokuwa wakitumikia kifungo cha maisha tangu 2004 kwa makosa ya kuwabaka watoto. Wengine walishangilia, wengine walilia. Miezi michache baadaye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilikuta kwamba baadhi ya haki zao za kusikizwa kwa usawa zilikuwa zimekiukwa. Hatuingii katika ubishi wa hatia yao. Tunachosema ni kwamba jambo zito kiasi hicho, kwa wafungwa na kwa watoto wale vilevile, liliamuliwa kwa tamko la mtu mmoja jukwaani. Tanzania ina Bodi ya Parole, ya kuwaachilia wafungwa kwa masharti, iliyoundwa kwa sheria ya 1994, lakini wafungwa wa maisha wamewekwa nje ya mlango wake. Uganda nayo, tangu uamuzi wa Mahakama yake ya Juu katika kesi ya Tigo mwaka 2011, inahesabu maisha kuwa uhai wote wa mfungwa. Majirani hawa si wa kuigwa katika hili.

Wa kuigwa wako. Nchini Ujerumani, Mahakama ya Katiba iliamua 1977 kwamba kifungo cha maisha kinakubalika tu iwapo mfungwa ana nafasi ya kweli ya kuuona uhuru tena. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya mjini Strasbourg ilisema 2013, dhidi ya Uingereza, kwamba kumfungia mtu bila njia yoyote ya kesi yake kuangaliwa upya ni kumtendea kinyama au kumdhalilisha, na ikaelekeza macho kwenye miaka 25 kama kipimo. Mahakama ya Katiba ya Zimbabwe ilifika hapo 2016. Afrika Kusini ina mfumo wa parole ambapo mfungwa wa maisha hufikiriwa baada ya miaka 25, na anaweza kukataliwa mara nyingi. Na Kenya yenyewe iliridhia Mkataba wa Roma mwaka 2005, ambao kifungu chake cha 110 kinaitaka Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliyoko The Hague iangalie upya kifungo cha maisha baada ya miaka 25. Maana yake ni kwamba mtu aliyeongoza mauaji ya halaiki ana tarehe ya kusikizwa ambayo tumeikubali kwa saini yetu, na kijana wa simu pale kituo cha matatu hana.

Namibia inatupa funzo ambalo majaji wetu hasa wanapaswa kulichukua. Huko mahakama zilianza kukwepa kifungo cha maisha, chenye parole ndani yake, kwa kutoa vifungo vya miaka 64 na 67. Februari 2018, katika kesi ya Gaingob, Mahakama ya Juu ya Namibia ilivibatilisha ikisema ni vifungo vya maisha vilivyovishwa nguo nyingine, vibaya zaidi kwa sababu havina mlango. Ugonjwa huo umekwisha kuingia kwetu. Ukimpa mtu wa miaka 35 kifungo cha miaka 70, umemhukumu kufia ndani, hata kama hukutamka hivyo. Sheria tunayoidai isipovigusa vifungo virefu vya namna hii, itakuwa imefunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Wapo watakaotaja Garissa. Aprili 2, 2015 magaidi waliua watu 148 katika chuo kikuu cha huko, wengi wao wanafunzi. Miaka minne baadaye mahakama jijini Nairobi iliwahukumu watu watatu waliohusishwa na shambulio hilo: mmoja maisha, wawili miaka 41. Je, watu kama hao nao wapewe tarehe? Ndiyo. Wapewe tarehe ya kusikizwa, na bodi iwe na uwezo kamili wa kusema hapana, na kusema hapana tena baada ya hapo, hadi wafe kama usalama wa watu unadai hivyo. Kumsikiza mfungwa na kumwachilia ni mambo mawili. Asiyetaka kuyatofautisha anataka kisasi, na Katiba ya 2010 haikuipa dola kazi ya kulipiza visasi. Mwongozo wa Mahakama kuhusu utoaji wa adhabu unataja kurekebisha tabia miongoni mwa shabaha za adhabu. Kuna wafungwa wa Kamiti na Langata waliosomea shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha London wakiwa ndani, wakawasaidia wenzao kuandika rufaa. Tumewarekebisha, kisha tumekataa kuangalia kama wamerekebika.

Uamuzi wa gazeti hili ni huu. Mwanasheria Mkuu alete Bungeni mswada unaosema kwamba kila anayetumikia kifungo cha maisha, na kila anayetumikia kifungo kinachozidi miaka 25, kesi yake itaangaliwa akishatumikia miaka 25. Iangaliwe na bodi huru inayoongozwa na jaji, yenye daktari wa akili, afisa wa urekebishaji tabia na mtu anayesimama kwa niaba ya waathiriwa. Bodi itoe sababu zake kwa maandishi, na uamuzi wake uweze kupingwa Mahakama Kuu. Aliyekataliwa asikizwe tena baada ya muda uliowekwa na sheria, si kwa hisani ya msimamizi wa gereza. Mwathiriwa au jamaa yake atafutwe, ajulishwe na asikizwe kabla ya kikao, na kama mfungwa akitoka, awekewe masharti ya mahali pa kuishi na watu asioruhusiwa kuwakaribia, na akiyavunja arudi ndani siku hiyo hiyo. Aliyemdhuru mtoto asiachiliwe bila ripoti ya wataalamu, na mzigo wa kuonyesha kwamba amebadilika uwe wake.

Sheria hiyo iwaguse waliomo ndani tayari. Itakuwa aibu kuitunga kwa ajili ya watakaohukumiwa kesho na kuwaacha walioingia kwa kalamu ya 2009, ambao wamekwisha kutumikia miaka mingi. Na kifungu cha 296(2) kiandikwe upya katika mswada huo huo, ili wizi wa simu usiadhibiwe kama uvamizi wa bunduki.

Tunafahamu sababu inayowafanya wabunge wasite. Mfungwa wa maisha hana michango ya harambee, na hakuna mkutano wa hadhara unaoshangilia jina lake. Mwenye kumtetea huonekana anawatetea wahalifu. Lakini hakuna anayewaomba wamtetee. Wanaombwa waandike sheria, kazi waliyoomba kura kwa ajili yake na wanayolipiwa mshahara kila mwisho wa mwezi. Miswada ya marupurupu yao imepita katika Bunge hilo hilo kwa haraka ya kushangaza.

Kamati ya Haki na Masuala ya Sheria ya Bunge la Kitaifa ina uwezo wa kuanzisha mswada huu yenyewe, bila kumngoja Mwanasheria Mkuu. Mwenyekiti wake aitangazie nchi tarehe ya kikao cha kwanza cha kusikiliza maoni ya umma, na kikao hicho kifanyike pia ndani ya gereza la Kamiti na katika kaunti ambako kesi za unajisi zinamalizwa nyumbani. Mwanasheria Mkuu naye aieleze Mahakama ya Juu, kwa maandishi, kwa nini pendekezo la 14 Desemba 2017 halikutekelezwa kabla ya mahakama hiyo kulazimika kulizungumzia mara ya pili.